Sura ya 4: Kozi Nimemaliza, Kazi Mbona Siioni?

Swali hili huulizwa na mhasibu wa Mwanza aliyechoka kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, na muuguzi wa Mombasa aliyeshuhudia hospitali yake ikihamisha mafaili ya wagonjwa kutoka makabatini kwenda kwenye kompyuta, na mwalimu anayewaona wanafunzi wake wa zamani wakilipwa vizuri kwenye kampuni za simu. Wote wamesikia kwamba usalama wa mtandao, yaani kazi ya kulinda kompyuta, simu na taarifa zilizomo dhidi ya wezi na waharibifu, una uhaba wa watu. Wakalipa ada, wakatazama video usiku watoto wakishalala, wakafaulu mtihani wa kuchagua jibu, wakapata cheti. Sasa wametuma maombi kila mahali na simu haiiti. Wanajiuliza kama wamedanganywa.

Uhaba upo kweli. Anayetafutwa ni mtu anayeweza kukaa mbele ya ushahidi uliochanganyika, akausoma, akaamua nini kimetokea, kisha akauandika uamuzi wake kwa namna ambayo mwenzake ataweza kuchukua hatua saa hiyohiyo. Cheti cha mtihani wa kuchagua jibu hakimwambii mwajiri kama unaliweza hilo, naye hana sababu ya kukisia. Sura hii inatetea jambo moja: uwezo huo hujengwa kwa mikono, unaweza kuujenga nyumbani kabla hujaajiriwa na yeyote, na anayetoka fani nyingine ana malighafi ambayo kijana aliyetoka chuoni jana bado hana.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi wanaotaka kuingia hapa wamebeba picha ya mdukuzi, mtu anayeingia kwenye mfumo wa wengine kwa kutafuta upenyo. Wapo wataalamu wanaolipwa kudukua kwa ruhusa ya mwenye mfumo, ili kupima uimara wake, lakini ni wachache, na mara nyingi hufika huko baada ya miaka ya kazi nyingine. Mlango mpana uko upande wa ulinzi. Benki na kampuni kubwa za simu huwa na kituo cha uangalizi, ambako wachambuzi hupokezana zamu usiku na mchana wakifuatilia tahadhari. Tahadhari ni ujumbe ambao programu hutoa ikiona jambo lisilo la kawaida: mfanyakazi ameingia kwenye akaunti yake saa tisa usiku, kompyuta ya mapokezi inatuma mafaili mengi nje, nywila imekosewa mara mia ndani ya dakika moja. Tahadhari nyingi huishia kuwa si kitu. Mfanyakazi alikuwa safarini Dubai, au fundi alikuwa akihifadhi nakala za mafaili. Chache ni moto wa kweli, na mchambuzi hulipwa kuzitenga hizo chache upesi bila kuwasumbua watu kwa zilizobaki.

Anachosoma siku nzima ni logi, yaani kumbukumbu ambazo kila kompyuta hujiandikia yenyewe: nani ameingia, saa ngapi, kutoka anwani gani, amefungua nini. Kazi hii inadai uvumilivu wa kusoma mistari mingi inayofanana na jicho la kuona ule usiofanana na wenzake. Pembeni yake kuna kazi za ukaguzi wa taratibu na za kulinda taarifa binafsi za wateja, ambazo zimepata uzito mpya tangu Kenya ilipotunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania yake mwaka 2022. Huko anayejua kutunza kumbukumbu na kusoma kifungu cha sheria anahitajika sawa na anayejua seva.

*Kwa ufupi: kazi ya kuanzia ni kusoma ushahidi, kuamua, na kuandika. Jizoeze hayo matatu.*

Senti 75 za Berkeley

Ushahidi wa hoja yangu ni wa zamani kuliko fani yenyewe. Mwaka 1986, Clifford Stoll, mwanaastronomia wa Marekani, alihamishiwa kwenye kitengo cha kompyuta cha maabara ya Lawrence Berkeley, California, baada ya fedha za utafiti wake kukauka. Alipewa kazi ya kutafuta kwa nini hesabu za matumizi ya kompyuta zilipishana kwa senti 75 za dola. Wakati huo watumiaji walitozwa kwa muda waliotumia, na senti hizo zilimaanisha kwamba kuna mtu alitumia muda usiolipiwa. Stoll hakuwa amesomea usalama wa mtandao, wala hapakuwa na mahali pengi pa kuusomea. Alichokuwa nacho ni tabia za mwanasayansi. Aliunganisha mashine za kuchapa kwenye laini za simu zilizoingia kwenye kompyuta, kila alichoandika mvamizi kikatoka kwenye karatasi. Akafungua daftari na kuandika kila tukio na saa yake. Akatengeneza mafaili ya uongo yenye kuvutia ili mvamizi akae muda mrefu, laini ya simu iweze kufuatiliwa hadi chanzo chake. Njia ilifika Hannover, katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiiba taarifa za kijeshi na kuziuza kwa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti.

Tazama kilichofanya kazi hapo. Mpishano mdogo wa hesabu haukupuuzwa, ushahidi ulihifadhiwa kabla ya kufasiriwa, na daftari lilitunzwa kwa tarehe na saa. Yote matatu ni mambo ambayo mhasibu mzuri, mtunza stoo mzuri na muuguzi mzuri wa zamu ya usiku hufanya bila kuyapa jina.

Miaka 30 baadaye, Februari 2016, wezi waliingia kwenye kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti yake iliyoko New York. Dola milioni 81 zilifika Manila na sehemu kubwa ikapotelea huko. Dola milioni 20 zilizokuwa zikienda kwa taasisi moja ya Sri Lanka zilikwama kwa sababu jina la mpokeaji liliandikwa na kosa la tahajia, na benki iliyokuwa katikati ya muamala ikauliza. Wakati huohuo, huko Dhaka, yaliko makao ya benki hiyo, mashine ya kuchapa risiti za miamala ilikuwa kimya. Wezi walikuwa wameivuruga, na wafanyakazi wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Kosa la tahajia lilizuia wizi na mashine iliyonyamaza ikausaidia, na yote mawili yalikuwa mikononi mwa watu wa kawaida wa benki. Anayeijua kazi ya benki anajua kwamba siku bila risiti hata moja si siku ya kawaida.

Fani yako ya zamani ni mtaji

Kwa hiyo usianze kwa kufuta ulichokuwa. Wakala wa pesa za simu wa Kariakoo anaujua utapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" kwa namna ambayo kitabu cha Ulaya hakitamfundisha mtu: ujumbe huo hutumwa kwa maelfu bila kuchagua, ukitegemea kwamba mmoja wao muda huo anasubiri kuambiwa namba ya kulipia kodi au ada. Anajua pia kwamba mtu akifanikiwa kusajili upya laini ya mwingine kwa jina la uongo, namba za siri ambazo benki hutuma kwa ujumbe mfupi zitamfikia tapeli, na simu ya mwenye laini itakaa tu bila mtandao. Ukimpa logi za miamala, atajua ipi haikai sawa.

Muuguzi anajua kwa nini nywila ya kompyuta ya wodini imebandikwa kwenye skrini: zamu hubadilika, mgonjwa hawezi kusubiri, na aliyetunga kanuni hajawahi kukaa wodini saa nane za usiku. Mhasibu anajua kwamba anayeidhinisha malipo hapaswi kuwa yuleyule anayeyalipa, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala nani apewe ufunguo gani kwenye mfumo wa kompyuta. Nashauri mazoezi utakayojitungia mwenyewe yachukue tatizo unalolijua kutoka kazini. Utajifunza upesi zaidi kwa sababu nusu ya picha iko kichwani mwako tayari, na mwajiri atasikia jambo ambalo hajalisikia kwa waombaji wengine.

Maabara juu ya meza yako

Sasa tuingie kwenye mazoezi yenyewe. Unahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM, ya gigabaiti 8; ikiwa 16 ni bora. Unahitaji programu ya bure kama VirtualBox, inayokuwezesha kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta yako kama programu. Ukiiharibu, unaifuta na kuanza upya. Weka mbili. Ya kwanza iwe na mfumo wa Ubuntu, huyu ndiye mlengwa. Ya pili iwe na Kali Linux, mfumo uliokusanya zana za kupima usalama. Kwenye mipangilio ya VirtualBox, ziunganishe kwa mtandao wa ndani ili zionane zenyewe tu na kishindo cha mazoezi kisivuke kwenda nje.

Zoezi la kwanza ni dogo, lakini lina karibu kila kitu. Kwenye Ubuntu, washa huduma ya SSH, ambayo huruhusu mtu kuingia kwenye kompyuta akiwa mbali kwa kuandika amri. Fungua akaunti yenye nywila dhaifu. Kutoka Kali, tumia zana inayoitwa Hydra kubahatisha nywila moja baada ya nyingine kutoka kwenye orodha, mpaka ifunguke. Hapo wengi hushangilia na kuzima kompyuta. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Rudi kwenye Ubuntu, fungua faili la /var/log/auth.log, usome. Utaona mstari baada ya mstari wa majaribio yaliyoshindwa, kila mmoja na saa yake na anwani ya aliyejaribu, kisha mahali fulani, katikati ya kelele, mstari mmoja wa aliyefaulu. Jiulize: kama nisingejua kilichotokea, ningekitambuaje? Majaribio mangapi kwa dakika moja ni ya mashine, na mangapi ni ya binadamu aliyesahau nywila? Baada ya kufaulu, aligusa nini?

Kisha linda. Zima uingiaji kwa nywila, weka ufunguo wa kidijitali, rudia shambulio, soma logi tena uone tofauti. Zoezi hilo moja, ukilifanya mpaka uweze kulieleza bila kuchungulia popote, lina thamani kuliko mada kumi ulizozipitia haraka. Ukimaliza, hamia Windows, kwa sababu ofisi nyingi ndiko ziliko. Huko matukio yana namba: 4625 ni jaribio la kuingia lililoshindwa, 4624 ni lililofaulu, 4720 ni akaunti mpya iliyofunguliwa. Mfululizo wa 4625 nyingi, ukifuatwa na 4624, kisha 4720, unasimulia kisa kizima kwa anayejua kuusoma.

Yapo pia mazoezi yaliyotengenezwa tayari kwenye intaneti. Bandit ya OverTheWire hufundisha amri za Linux hatua kwa hatua, na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon hutoa mafumbo ya viwango mbalimbali. Yote mawili ni bure. TryHackMe ina masomo ya bure na ya kulipia. Yatumie, lakini ujue upungufu wake: kila fumbo lina jibu, na unajua kwamba lipo. Kazini hujui kama kuna tatizo. Maabara uliyoijenga mwenyewe hugoma bila sababu inayoonekana, mtandao hukataa kuunganika, huduma haiwaki, na saa mbili unazotumia kutafuta kosa la herufi moja ndizo zinazokufundisha kompyuta hufanyaje kazi. Anayekwepa usumbufu huo anakwepa somo lenyewe.

Andika ili mwingine asome

Zoezi lisiloandikwa halimthibitishii mwajiri chochote, na hata wewe baada ya miezi miwili hutakumbuka ulifanyaje. Kila zoezi litoe ripoti ya kurasa mbili au tatu yenye mambo haya:

- nini kilitokea, kwa sentensi tatu ambazo meneja asiyejua kompyuta atazielewa;
- ushahidi: mistari ya logi, saa, anwani;
- namna ulivyofikia uamuzi, pamoja na dhana ulizozijaribu zikashindwa;
- hatua ya kuchukua sasa, na ya kuzuia lisirudie.

Kipengele cha tatu ndicho wengi hukiruka, na ndicho ningekisoma kwanza kama ningekuwa mwajiri. Anayeonyesha njia aliyoiacha na kwa nini aliiacha anaonyesha akili yake ikifanya kazi. Ripoti tano au sita za namna hiyo, zilizopangwa mahali ambapo mtu anaweza kuzifungua kwa kubonyeza mara moja, hubadilisha mazungumzo ya usaili. Badala ya kuulizwa umesoma nini, utaulizwa kuhusu uamuzi ulioufanya, na hapo ndipo mtu mzima mwenye miaka kumi ya kazi nyingine hung'ara.

*Kwa ufupi: fanya zoezi dogo mpaka mwisho, kwa pande zote mbili za ushambuliaji na ulinzi, kisha liandike.*

Mahali pa kusimama

Zana nilizozitaja zinaweza kukupeleka jela. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila idhini kuwa kosa, hata kama hukuiba kitu. Usijaribu kwenye Wi-Fi ya jirani, wala tovuti ya shule ya mtoto wako, wala mfumo wa mwajiri uliyemwacha ukidhani unamsaidia. Jaribu kwenye mashine zako, kwenye majukwaa yaliyotengenezwa kwa mazoezi, au pale ulipopewa ruhusa kwa maandishi. Katika fani inayouza uaminifu, kosa moja la aina hiyo hufunga milango ambayo ujuzi hauwezi kuifungua tena.

Lakini...

Pingamizi la kwanza ni matangazo ya kazi: digrii, miaka mitatu ya uzoefu, vyeti vinne. Ni kweli, na baadhi ya waajiri, hasa serikalini, hawawezi kulegeza sharti la digrii hata wakitaka. Kwa hao, mazoezi hayatoshi, na atakayekwambia vinginevyo anakuuzia ndoto. Waajiri wengi wa sekta binafsi, hata hivyo, huandika tangazo la mtu wanayemtamani, kisha huchagua miongoni mwa waliopo. Cheti nacho kina kazi yake: hukupitisha kwenye mchujo wa kwanza wa karatasi. Kimoja cha msingi kinatosha kuanzia. Cha pili na cha tatu, kabla ya kuwa na ripoti hata moja, ni fedha iliyopotea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: akili mnemba, yaani programu zinazosoma na kuandika kama binadamu, sasa inachuja tahadhari, na kazi za kuanzia zitapungua. Naliheshimu pingamizi hili. Sehemu ya kazi ya mchambuzi mchanga, ile ya kusoma tahadhari mia zinazofanana na kuzifunga, inafanywa na mashine na itazidi kufanywa. Lakini mashine hiyo hukosea kwa sauti ya kujiamini, na anayeweza kuikamata ni yule aliyewahi kusoma auth.log kwa macho yake mwenyewe. Mabadiliko hayo yanawaumiza zaidi waliokariri majina ya zana. Anayejua biashara inayolindwa, anayejua kwamba malipo ya mishahara hayatoki Jumapili, ana hukumu ambayo programu haina mahali pa kuipata mpaka yeye aiambie.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Kompyuta ni ghali, bando ni ghali, umeme hukatika. Halijibiwi kwa kumwambia mtu ajitume. Bandit hutumia maandishi matupu, hivyo hula bando kidogo sana, na mtu anaweza kuianza hata kwa simu yenye programu ya kuandikia amri. Kompyuta iliyotumika yenye gigabaiti 8 inatosha kwa kila zoezi la sura hii, na mafaili makubwa ya mifumo unaweza kuyapakua mara moja, kwenye maktaba au kwa rafiki, kisha ukafanya kazi bila intaneti. Njia itakuwa ndefu zaidi kwa asiye na vifaa, na ni haki kupanga muda kwa kuzingatia hilo badala ya kujilaumu.

Uzoefu wa kwanza huenda uko ulipo sasa

Mwezi Mei 2021, kampuni ya Marekani ya Colonial Pipeline ilifunga bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa, vituo vingi vya mashariki ya nchi vikaishiwa petroli, na kampuni ikalipa wadukuzi dola zipatazo milioni 4.4. Waliingia kwa akaunti ya zamani ya kuunganisha wafanyakazi walio mbali, ambayo haikuwa ikitumika tena na ililindwa kwa nywila peke yake, bila uthibitisho wa pili kama ule wa namba inayotumwa kwenye simu. Hapakuhitajika ubingwa wa kompyuta kuiona akaunti hiyo. Ilihitaji mtu wa kukaa na orodha.

Ofisi uliyopo sasa karibu hakika ina akaunti za namna hiyo. Kabla hujaacha kazi, mwandikie mkuu wako kuomba ruhusa ya kufanya jambo moja, na usubiri jibu la maandishi. Chukua kutoka kwa idara ya rasilimali watu majina ya walioacha kazi katika miaka miwili iliyopita, chukua kutoka kwa fundi wa kompyuta majina ya akaunti zilizo hai, linganisha. Zinazobaki hai bila mwenyewe, andika: ilikuwa ya nani, inafungua nini, mara ya mwisho ilitumika lini, nani aidhinishe kuifunga. Omba zifungwe na wenye mamlaka, wewe usifunge hata moja. Baada ya wiki mbili rudi uhakiki kama zimefungwa, na uandike ukurasa wa mwisho. Ripoti hiyo, ikiwa imeondolewa majina ya watu na ya kampuni kwa idhini ya mkuu wako, iweke juu ya zile za maabara. Itakuwa kazi halisi ya usalama wa mtandao, iliyofanyika kwenye ofisi halisi, na kwenye barua yako ya maombi itasomeka hivyo.